Mkate wa Shimo

"Leo munamuua mara ngapi, ba Edouard?"

Virginie alikuwa amesimama mlangoni, kitenge chake cheusi cha matanga kimefungwa chini ya makwapa, mkono mmoja ameushika mwimo wa mlango. Ndani tulikuwa tumejaa kama kawaida ya saa kumi za mchana, wengine kwenye viti, wengine kwenye kreti za bia, wengine chini kabisa. Mimi nilikuwa pembeni na ndoo yangu ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, kikombe mkononi, nikimgawia huyu na yule.

"Nauliza. Mi niko upande ule ya ukuta, nachambua majani ya sombe, nasikia 'Kabwe anakufa!' Kisha bantu banacheka. Naweka sombe ku moto, 'Kabwe anakufa!' tena. Bijou ananiuliza: mama, papa anakufa tena? Nimujibu nini? Weye mwenye masomo, nifundishe."

"Mama, ni muchezo," alisema Edouard.

"Najua ni muchezo! Mi haina mujinga. Ni muchezo ya jina ya bwana yangu."

Nyumba za kambi yetu zilijengwa mbili mbili, mgongo kwa mgongo, na ukuta wa katikati ni mwembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya wewe ndiye unayeambiwa pole. Kwa hiyo sote tulijua kwamba anasikia. Tulikuwa tumejifanya kusahau tu, maana nyumba ile ilikuwa na raha. Mwaka ule wa themanini na nane, raha ilikuwa haba Lubumbashi. Posho ya kampuni ilikuja ikitaka, bia ilikuwa ya kusikia kwa wengine, na televisheni ilikuwa ikituonyesha watu wanaocheza ngoma kumsifu rais yule yule kila jioni. Lakini kwa Edouard kulikuwa na ordinatere, kompyuta.

Edouard, ambaye kwenye karatasi za kazi aliitwa Citoyen Ngosa, yaani Mwananchi Ngosa, kwa kuwa majina ya Kizungu yalikuwa yamekatazwa, alikuwa fundi wa umeme. Kampuni ilimpeleka Ubelgiji kusoma, na wenzake waliopelekwa pamoja naye walirudi na suti na sahani za muziki. Yeye alirudi na kibao cha herufi, kaseti, na kioo kidogo kinachong'aa rangi ya kijani kama jani la ndizi. Mkewe wakati ule alikuwa bado hajamkimbia. Alitusimulia kisimani kwamba mume ameleta kitu kisichoimba wala kupika, na kwamba anakiangalia usiku kuliko anavyomwangalia yeye. Basi, yaliyofuata mnayajua.

Humo ndani ya mashine Edouard aliandika mchezo. Aliuita Shimo. Hakuna picha ya maana: mistari, maneno ya Kiswahili chetu cha hapa, na kiduara kidogo ambacho ni mtu. Mtu huyo anaanzia juu, kwenye magazini, stoo ya vifaa, anapewa vitu, anavitia mfukoni, halafu anashuka. Kila ngazi kuna adui. Moshi. Maji. Giza. Unapigana nao kwa kubonyeza herufi, na kila wakikupiga, nguvu yako inapungua pale kwenye kona ya kioo. Chini kabisa kuna Jiwe. Nyuma ya Jiwe kuna keji, kile chumba cha chuma kinachopandisha watu juu. Ukilipita Jiwe umetoka. Usipolipita, kioo kinaandika: KABWE ANAKUFA. UNARUDIA?

Jina hilo halikuwekwa kwa ubaya. Kabwe, mume wa Virginie, alikuwa rafiki wa Edouard tangu utoto, na ndiye aliyemwambia shimo linafanana vipi. Edouard hakuwahi kushuka. Kazi yake ilikuwa juu, kwenye nyaya. Kila Kabwe alipotoka kazini, alikaa kwenye kreti lile lile ambalo sasa amekalia mwanangu Chanda, akasema, "Hapana, maji haitokake mbele, inatokaka chini ya miguu," na Edouard akaandika. Siku walipomaliza, Kabwe ndiye aliyeandika jina kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama mtu anayetafuta kuku wake katika kundi la jirani. Masika yaliyopita, jiwe la kweli lilimwangukia.

"Mama Bijou," alisema mzee Anaclet, "haina sisi tunamuua. Ni huyu Edouard. Muchezo yake iko mubaya."

Anaclet alikuwa kapita, msimamizi wa wachimbaji shimoni, kabla ya kustaafu, na katika nyumba ile ndiye mwenye kiti chenye mto. Alikuwa na ugomvi wake mwenyewe na Edouard, akauingiza hapo hapo, bila kujali kwamba Virginie bado yuko mlangoni.

"Angalia. Ku mulango, kwenye ata panya hakuna, wananipatia kaske mupya ya kichwa, buti mupya, koti. Nashuka. Chini kule, kwenye bintu inaniangukia ku kichwa, napiga adui, namushinda, natokwa jasho, naokota nini? Taa ya pili! Miye niko na kichwa moja. Taa ya pili nitaifunga wapi, ku matako?"

Watu walicheka, hata Virginie mdomo ulimcheza, akaukaza.

"Vieux," Edouard akamjibu mzee, "weye ulikuwa kapita. Uliona wapi kaske mupya iko chini?"

"Sikuona."

"Basi."

"Lakini ile ilikuwa kazi! Hii unasema ni muchezo. Kintu chenye haushinde na unarudia kila siku, ile haina muchezo, bwana. Ile ni kazi. Tena bila posho."

Hapo kicheko kilikuwa kikubwa, na ndani ya kicheko hicho Virginie aliingia. Alipita katikati ya miguu ya watu mpaka mbele ya kioo.

"Ba Edouard. Mbele, angali muzima, alikuwa anatoka."

Edouard alisogeza kaseti zake kando.

"Kabwe alikuwa ananirudilia nyumba anacheka. 'Leo natoka, mama Bijou! Nalipita Jiwe!' Mara mingi. Miye namuambia, acha utoto. Sasa juu ya nini hatoke tena? Hii bantu yote, kila siku, na hakuna ata moja anamutosha ku shimo. Jiwe ilikomaa?"

Swali hilo tulipaswa kuliuliza wenyewe. Sisi sote tulikuwa tumeona Kabwe akilipita Jiwe. Tulidhani alikuwa na ufundi wake, akafa nao.

"Nililiongeza," alisema Edouard, akiangalia kibao chake. "Kisha ya kuzika. Nililiongeza nguvu."

"Juu ya nini?"

"Kama yeye hakupita, nani atapita? Wamukute Jiwe ndogo, baruke, bacheke, baende kulala? Hapana. Itakuwa uongo."

"Uongo," alisema Virginie. "Mwenye kufa ni wangu, na uongo ni yako."

Halafu akasema jambo ambalo wengi wetu tulilijua, ila hatukuwa tumelisikia kwa mdomo wake. Kampuni ilikuwa imemletea habari. Nyumba ni ya mfanyakazi, na mfanyakazi hayupo. Mwisho wa mwezi atoke. Kaka yake yuko Kasomeno, anauza samaki wanaotoka Kasenga. Lori lake likija mjini litamchukua yeye na watoto na vyombo.

"Mi naenda," alisema. "Sitaacha bwana yangu nyuma ya ukuta, anakufa kila siku, na bantu banakunywa munkoyo." Nilikiweka kikombe chini. "Ao unatoa jina, ao anatoka. Batoto basikie anatoka, ata mara moja. Kisha tutapanda lori."

"Jina ni yeye aliliandika, shemeki. Mi siwezi kulitoa."

"Basi rudisha Jiwe kama ilikuwa."

"Hapana." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Kuko njia. Niliacha njia moja, ndogo. Muntu akicheza muzuri, anapita. Nasema kweli."

"Njia gani?"

"Nikiisema, ni miye nimemutosha. Haina weye."

Virginie alikaza kitenge chake. Akamgeukia mzee Anaclet. "Baba, simama. Nikae."

Na mzee Anaclet, ambaye hakuwahi kumwachia mtu kiti kile, alisimama.

Mdomo wa kambi ni mmoja, na siku ya pili ulikuwa umeshasema. Mjane hajatoa nguo nyeusi, anashinda kwa shemeji yake, wanaangalia kioo. Léonie wa nyumba ya pembeni aliapa kwamba amewaona wakishikana mikono, na nilipomwuliza aliwaona kupitia wapi, na nyumba imejaa watu kama gereza, alisema mtu mwenye akili anaona hata kupitia watu. Virginie alisikia yote. Alikuja vile vile, kila mchana baada ya kuosha vyombo, akakaa.

Alikufa mara nyingi mwanzoni, Moshi tu ulimtosha. Lakini alikuwa mwanamke aliyeendesha nyumba kwa posho inayochelewa, na mfuko wa yule mtu wa kwenye kioo haukumshinda muda mrefu. Mfuko ule unaingia vitu vinne, basi. Wanaume walikuwa wakijaza kila wanachoona, wakifika chini hawana pa kuweka. Virginie aliingia magazini akakataa koti.

"Chukua koti, mama!" Anaclet alipiga kelele. "Inapunguza mapigo!"

"Inapunguza ya Moshi. Moshi naweza kuukimbia. Sitabeba koti mpaka chini juu ya adui ya mulango."

Alichukua kaske, buti na taa. Nafasi moja aliiacha wazi. Ngazi ya Maji aliokota kipande cha mti, ile miti ya kushikilia dari, ambayo sisi wote tulikuwa tukiiacha kwa sababu haipigi mtu. Kwenye Giza aliitupa taa aliyokuja nayo akaiokota ile ya pili, kumbe ya pili inawaka zaidi. Anaclet alijishika kichwa. Miezi yote ile akiitukana.

"Mama huyu angekuwa kapita," alisema, na kwake hiyo ilikuwa kama nishani.

Alipofika mbele ya Jiwe mara ya kwanza, nyumba nzima ilisimama. Aliweka ule mti. Jiwe lilipiga, mti ukashika, ukavunjika. Jiwe likapiga tena. Nguvu iliyobaki kwenye kona ilikuwa kidogo mno. KABWE ANAKUFA. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Alirudia, akafika tena, akafa tena. Kila mara ilikuwa ni kidogo tu kilichokosekana, kama mtu anayeshona nguo halafu kitambaa kinaishia kwenye mkono.

Na kila mara, kwenye mfuko mdogo wa pembeni, nje ya vile vitu vinne, kulikuwa na mikate miwili.

Hapa lazima niwaeleze mkate wa shimo, kwa wale ambao hawakukulia kambini. Kila anayeshuka alipewa mkate mlangoni, wa kula chini ili nguvu irudi. Wanaume wa kwetu hawakuula. Waliurudisha nyumbani mfukoni mwa koti, na jioni watoto walisimama barabarani kungojea lori la wafanyakazi. Mkate ule ulikuwa na harufu ya mafuta na baruti, mgumu kidogo, na watoto waliapa kwamba ni mtamu kuliko wowote wa dukani kwa sababu umeshuka chini ya ardhi ukapanda tena. Baba aliyetoka shimoni mikono mitupu, watoto wake walichekwa mtaa mzima. Ndivyo ilivyokuwa. Wakubwa wa kampuni walipiga marufuku, makapita walipekua mifuko, na hao hao makapita walikuwa na mikate yao ndani ya kaske.

Kabwe alikuwa amemwambia Edouard aweke mikate kwenye mchezo, ngazi ya Maji mmoja na ngazi ya Giza mmoja. Ukiula, nguvu inapanda. Sisi tulikuwa tukiula pale pale na kufa kwa namna nyingine, bila mti wala taa nzuri. Virginie alikuwa na kila kitu mahali pake, akaibeba mikate mpaka kwa Jiwe bila kuigusa.

"Kula mukate, mama!" Anaclet alikuwa karibu kulia. "Bonyeza M! Ukule!"

"Kabwe hakulake mukate ya shimo."

"Ni muchezo!"

"Muliniambia vile mbele. Ni muchezo. Sasa jina ni ya nani pale yulu ya kioo? Ni yako? Kabwe hakulake, na mi sitakula pa fasi yake."

Edouard alikuwa amesimama nyuma yake. Mimi niliyekuwa pembeni nilimwona uso, nikajua. Njia ndogo aliyoiacha ilikuwa ni kuula mkate.

Na nikajua kitu kingine, kwa sababu nilikuwapo kwenye matanga. Walipoleta nguo za Kabwe, sisi wanawake ndio tuliozipokea. Koti lilikuwa limeraruka begani. Mfukoni kulikuwa na mkate wake, mzima, umebonyea upande mmoja. Mama yake Kabwe aliutoa, akautazama, akaita watoto wa marehemu akawakatia. Watoto wana njaa, posho ilikuwa haijafika kwa miezi miwili. Bijou alikula akalamba vidole. Sisi tukaangalia pembeni, na tangu siku hiyo, katika kambi ambayo inasema hata ndoto za watu, hakuna aliyesema.

Siku moja kabla ya lori kuja, Virginie alifika kwa Jiwe tena, mikate miwili mfukoni, akatulia, vidole juu ya kibao.

"Ba Edouard, njia yako ni mukate?"

"Ndiyo."

"Nikila yote mbili, napita?"

"Unapita."

"Ulijua namna gani?"

Edouard alikaa kwenye kreti, karibu na goti lake. "Niliuliza wenzake. Dari ililia mbele ya kuanguka. Balisikia, bote balikimbia. Yeye alikuwa nyuma. Mwape, mwenye kupandisha keji, anasema alikuwa anatembea sawa muntu mwenye homa, tangu asubuhi. Alikuwa hakule kintu, shemeki. Ile mwezi hakula. Nilipiga hesabu nikaweka ndani: akikula, anapita. Asipokula, hapite."

Nyumba nzima ilisikia. Hata waliokuwa dirishani.

"Kwa hiyo," Virginie alisema polepole, "ni batoto yangu balimuua."

"Hapana! Mi sikusema vile. Haina batoto. Ni posho yenye haikukuya!"

"Iko wapi posho, ndani ya mashini yako?" Aligeuka, na sauti yake ilipanda. "Nionyeshe. Naona Moshi, naona Maji, naona Giza na Jiwe. Naona mukate mbili. Mwenye kufunga magazini eko wapi? Mwenye kusema posho itakuya kesho, kesho, eko ngazi gani, nishuke nipigane naye? Uliweka adui yote ya chini, uliacha ya yulu. Ndani ya muchezo yako muntu anakufa juu hakukula mukate. Basi! Ni kosa yake. Ni kosa ya batoto."

Watu watatu wanne waligeuza macho kidogo kuelekea kona alipokaa Citoyen Kalaba wa chama tawala, ambaye alikuja kila siku kwa ajili ya mchezo, au kwa ajili yetu, hatukujua. Kalaba aliangalia ndani ya kikombe chake cha munkoyo kana kwamba kuna nzi.

"Nikiweka hao," alisema Edouard, "nani atacheza? Mulango wazi hivi?"

"Ndio vile," alisema Virginie. "Jiwe uliliongeza. Hao, ukaogopa."

Mzee Anaclet, ambaye miaka yake yote alipekua mifuko ya wenzake, alivua kofia akaivaa tena.

Tulidhani Virginie atasimama aende. Badala yake aligeukia kioo. Kupitia ukuta tulisikia watoto wake wakigombania kitu upande wa pili, na Bijou akiwaamuru wanyamaze kwa sauti ya mama yake.

Alibonyeza M. Nguvu ikapanda. Alikaa kidogo, kidole hewani. Mimi nilijikuta nimemshika mkono Léonie, ambaye siku nyingine nisingemshika hata kwa koleo. Akabonyeza M tena.

Akaweka mti. Jiwe likapiga, mti ukavunjika. Jiwe likapiga tena, na nguvu pale kwenye kona ikashuka, ikashuka, ikasimama. Keji ikafunguka. Mstari mmoja mmoja, kile kiduara kidogo kikaanza kupanda, kikapita Giza, kikapita Maji, kikapita Moshi, mpaka juu kabisa ya kioo.

KABWE ANATOKA.

Sijawahi kusikia nyumba ikipiga kelele namna ile. Watu walirukiana, ndoo yangu ilipigwa teke, munkoyo ukamwagika kwenye sakafu ya Edouard na hakuna aliyejali. Anaclet alimpigia Virginie saluti. Mtu alipiga ngumi ukutani akaita, "Bijou! Papa anatoka! Sikia, anatoka!" na upande wa pili watoto wakanyamaza.

Virginie peke yake hakusimama. Alikuwa akisoma, maana kioo hakikuwa kimemaliza. Chini ya maandishi yale kulikuwa na mstari mwingine, ambao siku za Kabwe hatukuwa tukiujali. Alisoma kwa sauti.

"Mufuko ya mukate: hakuna kintu."

Kelele zilipungua, kisha zikaisha.

"Ananitokea mikono butupu," alisema. Akacheka, kicheko kimoja kikavu. "Mbele, na lile Jiwe ndogo, alikuwa anatoka na mukate yake mbili. Aliniambia. Huyu nani? Haina Kabwe. Kabwe wangu hakutokake vile ata siku moja."

Alisukuma kibao taratibu mpaka mbele ya Edouard.

"Toa jina. Sasa unaweza. Huyu mwenye anakula peke yake anatoka, muite jina yako."

Edouard alifuta. Nilimwona akifuta, herufi moja moja, kwa kidole kimoja, kama vile lilivyoandikwa. Hakuandika jingine. Pale mbele ya neno ANATOKA palibaki nafasi nyeusi. Citoyen Kalaba alikuwa wa kwanza kuondoka, akatuaga vizuri sana. Wengine walifuata, na mzee Anaclet akaondoka bila kumwambia mtu kwamba kiti ni chake.

Nilibaki kufuta munkoyo sakafuni. Kwa hiyo nilimwona Virginie akitoka, na nilisikia kupitia ukuta sufuria ikiwekwa, na mwiko ukigonga, ule mdundo wa haraka wa mtu anayesonga bukari ya unga wa mwisho kwa sababu haina maana kuubeba Kasomeno. Edouard alikuwa bado amekaa kwenye kreti. Mashine ameizima. Nilimwambia alale kidogo, hakunisikia.

Halafu Virginie alirudi mlangoni, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Hakumwangalia usoni.

"Shemeki. Haukule tangu asubuhi, mi naonaka." Alijipangusa kwenye kitenge cheusi. "Na weye, mama Chanda, acha sakafu ya bantu. Mukuye mukule, bukari ingali moto. Batoto bamekaa, bamekatala kuanza."